Lahure na Kilemba cha Ukoka

Katika lugha ya Kinepali limo neno ambalo mpenzi yeyote wa lugha angependa kulitalii: lahure. Neno hili humrejelea mwanamume aliyekiacha kijiji chake milimani akaenda kulitumikia jeshi la nchi isiyo yake. Asili yake ni mji wa Lahore, ulioko leo nchini Pakistan, ambako mwanzoni mwa karne ya 19 Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga, aliwaajiri wapiganaji waliotoka Nepali. Dola ya Masingasinga ilimezwa na Waingereza mwaka 1849, lakini neno halikuzikwa pamoja nayo. Aliyekwenda Dehra Dun aliitwa lahure. Aliyekwenda Ufaransa, Burma, Malaya au Hong Kong aliitwa lahure vilevile, hata kama maisha yake yote hakuwahi kuutia mguu mji wa Lahore. Kiswahili nacho hakikosi mifano ya jinsi hii. Herufi tatu za King's African Rifles zilizaa keya, nacho kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Carrier Corps, kikaacha Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Aghalabu wanajeshi wasio na mwandishi huhifadhiwa na msamiati.

Waingereza hawakulitumia neno lahure. Wao walimwita mtu yule yule Gurkha, jina lililotokana na Gorkha, ufalme mdogo wa milimani ambao mfalme wake, Prithvi Narayan Shah, aliliteka bonde la Kathmandu mnamo 1768 na 1769 na kuasisi Nepali ijulikanayo leo. Wengi wa wanaume walioingia katika rejimenti za Kiingereza kwa jina hilo hawakuwa wazawa wa Gorkha. Walikuwa Wamagar, Wagurung, Warai na Walimbu, watu wenye lugha zao na mila zao. Basi mtu mmoja akawa na majina mawili: moja alilopewa na waliomsindikiza, jingine na waliompokea. Jina la kwanza lilihesabu kuondoka kwake. La pili lilihesabu manufaa yake. Historia ya Rejimenti ya Pili ya Wagurkha, iliyozaliwa mwaka 1815 kwa jina la Batalioni ya Sirmoor na kufungiwa daftari mwaka 1994, yaweza kusomwa kama historia ya umbali uliopo kati ya majina hayo mawili.

Chanzo chake ni vita baina ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki na Nepali, vilivyopiganwa kuanzia 1814 hadi 1816. Mnamo Oktoba 1814 jeshi la Kampuni lilifika Nalapani, karibu na Dehra Dun, likakuta ngome ndogo ya Kalunga ikilindwa na Balbhadra Kunwar pamoja na watu wapatao 600, wakiwamo wanawake na watoto. Jenerali Rollo Gillespie aliuawa akiongoza shambulio tarehe 31 Oktoba. Ngome haikuanguka kwa upanga. Ilianguka mwishoni mwa Novemba baada ya maji kukatwa na mizinga kuzibomoa kuta, naye Balbhadra akapenya na mabaki ya watu wake, takriban 70, gizani. Idadi ya wanajeshi wa Kampuni waliouawa na kujeruhiwa ilizidi idadi yote ya waliokuwa ngomeni. Baadaye Waingereza walijenga mahali pale minara miwili midogo iliyosimama sambamba, mmoja wa kuwakumbuka wafu wao na mwingine wa kumsifu adui wao Balbhadra. Ni nadra mshindi kumjengea mshinde mnara. Hata hivyo, sifa ile haikuwa ya bure, maana wakati huo huo mpango wa kuwaajiri wapiganaji wa Nepali ulikuwa umeshika kasi. Mnamo Mei 1815 jenerali wa Nepali, Amar Singh Thapa, alisalimu amri huko Malaun, na masharti ya mapatano yakawaruhusu askari wake kuingia katika utumishi wa Kampuni. Balbhadra mwenyewe hakuingia. Alikwenda Lahore kumtumikia Ranjit Singh, akauawa mwaka 1823 katika vita dhidi ya Waafghani. Shujaa aliyejengewa mnara na Waingereza alikufa akiwa lahure halisi, kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo.

Batalioni ya Sirmoor iliundwa na Luteni Frederick Young kutokana na wafungwa na wakimbizi wa vita hivyo. Simulizi ya asili yake imesimuliwa katika rejimenti kizazi baada ya kizazi. Yasemekana Young aliongoza kikosi cha askari wa kukodi dhidi ya Wanepali, askari wake wakatimua mbio, naye akabaki ameketi. Wanepali walipomzingira na kumuuliza kwa nini hakukimbia na wenziwe, akajibu kwamba hakutoka mbali kote kule ili aje kukimbia. Wakampenda, wakamtunza mateka wao, wakamfundisha lugha yao. Alipoachiliwa na kuruhusiwa kwenda kwenye kambi za wafungwa, akadai kuwa aliingia mtu mmoja akatoka watu 3,000.

Simulizi hii ni tamu, na msomaji wa fasihi simulizi atazitambua mara moja nguzo zake: shujaa mpweke, jaribio, adui anayegeuka ndugu, idadi ya kishujaa. Ni visasili vingapi vya Kiafrika vyenye umbo lili hili! Lakini visasili vingi vya Kiafrika huhusu babu wa wale wanaovisimulia. Hiki kinamhusu afisa, na kimesimuliwa na maafisa. Wafungwa wale 3,000 hawana usemi ndani yake hata mmoja. Hakuna anayejua walichokuwa wakikifikiria walipoulizwa iwapo wangependa kula mshahara wa aliyewashinda. Njaa ya kambini, deni la nyumbani, woga wa kurejea kwa mfalme wakiwa wameshindwa: lolote kati ya haya laweza kutosha kumfanya mtu abadilishe bendera, na hakuna hata moja lililopewa nafasi katika hadithi. Young aliiongoza batalioni kwa miaka 28. Ulikuwa muda wa kutosha kwa kisasili kukomaa.

Sifa kuu ya rejimenti hii ilipatikana Delhi mwaka 1857. Maasi yalipozuka Meerut tarehe 10 Mei, Batalioni ya Sirmoor iliitwa kutoka Dehra Dun chini ya Meja Charles Reid. Kuanzia tarehe 8 Juni hadi 14 Septemba ilikilinda kituo kilichoitwa Nyumba ya Hindu Rao, juu ya mgongo wa kilima unaoutazama mji wa Delhi, ikipigana bega kwa bega na rejimenti ya Kiingereza ya 60th Rifles. Katika watu wake 490, 327 waliuawa au kujeruhiwa. Kati ya maafisa 9 wa Kiingereza, 8 walipatwa na mojawapo ya mauti au jeraha. Takwimu hizi hazihitaji kutiwa chumvi.

Jambo linalohitaji kutazamwa upya ni neno uaminifu, ambalo waandishi wa Kiingereza wamelirudia katika sura hii hadi likachuja. Waliokuwa upande wa pili wa bonde walikuwa Wahindi, wengi wao wakiwa askari wa juzi wa jeshi lile lile la Kampuni. Nchini India vita hivyo hutajwa na wengi kama vita vya kwanza vya uhuru. Reid aliandika kwamba waasi waliwapigia Wagurkha kelele za kuwaalika wajiunge nao, na kwamba Wagurkha waliitikia kuwa wanakuja, kisha walipokaribia wakafyatua risasi. Ni mojawapo ya nyakati chache ambazo sauti ya askari wenyewe inasikika, nayo inasikika kupitia kalamu ya afisa aliyekuwa na kila sababu ya kulipenda jibu lile. Inafaa kukumbukwa pia kwamba mtawala wa Nepali wakati huo, Jang Bahadur Rana, alikuwa upande wa Waingereza na aliongoza jeshi lake mwenyewe kuelekea Lucknow. Mmagar aliyekuwa mgongoni mwa kilima hakuisaliti nchi yake wala hakuitetea. Alikuwa ugenini, kati ya wageni wawili waliogombana, na mmoja wao ndiye aliyemlipa. Kumwita msaliti ni kumwonea. Kumwita mwaminifu pia kuna walakini, kwa kuwa neno hilo linakata swali kabla halijaulizwa: mwaminifu kwa nani?

Zawadi ya Delhi ilikuwa bendera ya tatu ya heshima, na baadaye hadhi ya kuwa rejimenti ya bunduki za shabaha. Desturi ya Kiingereza ni kwamba rejimenti za namna hiyo hazibebi bendera, hivyo mwaka 1863 ikatolewa fimbo badala yake: Fimbo ya Malkia, ya shaba na fedha, yenye urefu wa takriban futi 6, na kileleni mwake sanamu tatu za Wagurkha zilizoinua taji la Uingereza. Kurutu wa rejimenti walipokelewa kwa kuigusa fimbo hiyo. Ipo hadi leo, na ingali inabebwa na warithi wa rejimenti. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Imeandikwa Nyumba ya Hindu Rao, imeandikwa Delhi, umeandikwa mwaka, na wanaume watatu waliobeba taji hawana majina.

Kuanzia hapo majina yaliyoongezeka yalikuwa ya wafalme. Mwaka 1861 ikawa Rejimenti ya Pili. Mwaka 1876 ikaongezewa jina la Mwanamfalme wa Wales, mwaka 1906 la Mfalme Edward, na hatimaye 1936 ikapata jina refu la Rejimenti ya Pili ya Wagurkha ya Mfalme Edward wa Saba, na Sirmoor likabaki mkiani. Katika kipindi hicho pia ilishamiri nadharia ya makabila ya kivita, iliyotetewa kwa bidii na Lord Roberts. Kwa mujibu wake, baadhi ya watu walizaliwa wapiganaji ilhali wengine walizaliwa waoga, na kazi ya afisa wa uandikishaji ilikuwa kuwatambua wa kwanza kama mfugaji atambuavyo mbegu bora ya fahali. Rejimenti ya Pili ikawachukua hasa Wamagar na Wagurung wa magharibi. Msomaji Mkenya hahitaji kwenda Nepali kuijua nadharia hii. Maafisa wa King's African Rifles walisema hayo hayo kuhusu Wakamba, na baadaye kuhusu Wakalenjin, na masalio ya kauli hizo yangali yakisikika mitaani, yakitamkwa na wajukuu wa wale wale waliopangwa mafungu. Huo ndio ubaya wa sifa ya kupewa: hukaa kichwani hata aliyeitoa akishaondoka.

Na iwapo watu hawa walikuwa mashujaa wa kuzaliwa, mbona nishani kuu haikuwa yao? Msalaba wa Victoria, ulioasisiwa 1856, haukuruhusiwa kwa askari wazawa wa jeshi la Uhindi hadi 1911. Mwaka 1872, katika vita vya milima ya Lushai, Meja Donald Macintyre wa Rejimenti ya Pili aliupata kwa kuwa wa kwanza kuufikia ua wa miti wa kijiji kilichokuwa kikiteketea na kutokomea moshini. Wagurkha walimfuata na kuingia baada yake, ndani ya moshi ule ule. Wao, hata wangemtangulia, sheria isingewaruhusu kuvishwa nishani ile.

Vita Vikuu vya Kwanza viliipeleka batalioni ya pili ya rejimenti hii Ufaransa katika majira ya baridi ya 1914. Wagurkha waliingia katika mahandaki yaliyochimbwa na watu warefu kuwaliko. Karibu na Neuve Chapelle, mwanzoni mwa Novemba, batalioni ilipoteza maafisa na askari wengi kwa siku chache. Mnara wa kumbukumbu uliofunguliwa hapo mwaka 1927 una majina zaidi ya 4,700 ya askari na vibarua wa jeshi la Uhindi wasio na makaburi yanayojulikana. Sehemu nyingine ya vita hivyo, Mesopotamia, iliila batalioni ya kwanza. Hayo yanasimuliwa kwa kirefu katika vitabu vya kijeshi na hayana haja ya kurudiwa.

Haja ipo ya kutaja mahali pengine, ambapo vitabu vya kijeshi havipiti. Kusini mwa Berlin, huko Wünsdorf, Wajerumani walikuwa na kambi ya wafungwa iliyoitwa Kambi ya Hilali. Humo mlikuwa na wafungwa kutoka majeshi ya Kiingereza na Kifaransa, wakiwamo Wagurkha wa rejimenti mbalimbali. Mwaka 1915 iliundwa Tume ya Fonografia ya Prussia, na wataalamu wake wakaingia makambini kurekodi sauti za wafungwa katika lugha na lahaja zipatazo 250. Wanepali walisimamishwa mbele ya pembe ya mashine wakaimba na kusimulia. Sahani za sauti hizo zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Humboldt. Nia ya wataalamu ilikuwa fonetiki. Kilichoingia humo ni wanaume walio mbali na kwao, wakizitunga beti za upweke kwa mtindo wa milimani. Tangu 1815 maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekaa na askari hawa, wamejifunza lugha yao, wamewaandikia historia kwa wino wa mapenzi, na bado ilibidi Mnepali atekwe na adui ndipo sauti yake ihifadhiwe. Na hata hapo hakuulizwa alichotaka kusema. Aliambiwa aseme, maadamu lahaja yake ilikuwa adimu.

Vita Vikuu vya Pili vilileta mabadiliko kidogo, kwani sasa majina ya askari yaliandikwa. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Aprili 1943, huko Wadi Akarit nchini Tunisia, Subedar Lalbahadur Thapa wa batalioni ya kwanza aliongoza watu wake kwenye kijia chembamba cha mlima kilicholindwa kwa bunduki za rashasha kila upande. Alikipanda kwa bastola na kukri, kile kisu kipana kilichopinda, na alipofika kileleni njia ya divisheni nzima ilikuwa imefunguka. Mfalme George wa Sita mwenyewe alimvisha Msalaba wa Victoria huko huko Afrika Kaskazini. (Kuhusu kukri, ile hekaya isemayo kwamba kisu hicho hakirudishwi alani kabla ya kuonja damu ni uzushi mtupu. Wanawake wa Nepali hukatia kuni na mboga kila siku, na hakuna anayejichanja kwanza.)

Tarehe 5 Machi 1945, katika Arakan nchini Burma, Bhanbhagta Gurung wa batalioni ya tatu alijikuta na wenzake chini ya kilima kilichopewa jina la Snowdon Mashariki, wamebanwa na risasi kutoka kila upande. Alisimama wima, akamwangusha mdunguaji aliyekuwa juu ya mti, kisha pasipo kusubiri amri akavishambulia peke yake vishimo na maboma matano, moja baada ya jingine, kwa guruneti, singe na kukri. Naye akapata Msalaba wa Victoria. Kabla ya hapo alikuwa amevuliwa cheo kwa kosa ambalo halikuwa lake, la kikosi kukalia kilima kisicho. Mwaka 1946 kamanda wake alimsihi abaki jeshini. Akakataa. Nyumbani alikuwa na mama aliyekuwa dhaifu na mke kijana. Alirudi wilaya ya Gorkha akalima hadi uzeeni, akafariki Machi 2008. Wanawe watatu waliingia katika rejimenti ile ile ya Pili. Katika historia yote ya rejimenti huenda hapana sentensi yenye uzito kuliko hiyo ya mtu aliyefika kilele cha sifa, akaambiwa abaki, akasema mama yangu ananingoja, halafu akawaona watoto wake wakishika njia aliyoiacha. Wangefanya nini kingine? Milima ya Nepali haikuwa na viwanda, na mshahara wa jeshi ulikuwa miongoni mwa mapato machache ya fedha taslimu yaliyofika kijijini.

Upande mwingine wa vita hivyo husimuliwa kwa sauti ya chini. Batalioni ya pili ilishiriki balaa la Mto Slim huko Malaya mnamo Januari 1942, na mabaki yake yakatekwa Singapore ilipoanguka tarehe 15 Februari. Wafungwa walishinikizwa kujiunga na Jeshi la Taifa la Uhindi lililopigana upande wa Wajapani. Wagurkha wengi walikataa, na baadhi wakateswa kwa sababu hiyo. Lakini si wote waliokataa. Durga Malla, mzawa wa eneo la Dehra Dun aliyekuwa katika Rejimenti ya Kwanza, alijiunga, akakamatwa na Waingereza, akanyongwa Delhi tarehe 25 Agosti 1944. Leo anaheshimiwa nchini India kama mpigania uhuru. Kwa mizani ya Nyumba ya Hindu Rao yeye ni mwasi. Nadharia ya uaminifu wa kuzaliwa haina mahali pa kumweka.

Katika misitu hiyo hiyo ya Burma walikuwamo watu wa Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya 1944, katikati ya masika na malaria, ikiwa sehemu ya Jeshi la 14 lililokuwa na batalioni nyingi za Wagurkha. Lugha ya amri katika keya ilikuwa KiKAR, Kiswahili kilichopunguzwa viambishi hadi kikabaki mifupa. Kwa Wagurkha ilikuwa Kinepali cha kambini, ambacho Waingereza walikiita Kigurkhali. Tofauti yake ni ya kusikitisha. Kigurkhali kilimpata Ralph Turner, aliyekuwa afisa katika Rejimenti ya Tatu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ambaye mwaka 1931 alichapisha kamusi kubwa ya Kinepali inayosifiwa hadi leo. KiKAR hakikubahatika hivyo. Kimebaki kichekesho cha madarasani, na pengine wakati umewadia wa kukichunguza kwa sababu nyingine isipokuwa kukicheka.

Mwaka 1947 rejimenti 10 za Wagurkha ziligawanywa kama mali ya mirathi. Sita zilikwenda kwa India huru na nne, yaani ya Pili, ya Sita, ya Saba na ya Kumi, kwa Uingereza. Tangazo lilitolewa Agosti, siku chache tu kabla ya uhuru. Askari waliulizwa wachague India, Uingereza au kurudi nyumbani, na wengi katika ya Saba na ya Kumi waliikataa Uingereza hata India ikaunda rejimenti mpya ya 11 ya kuwapokea. Jambo hilo liliwashangaza maafisa waliodhani wanapendwa. Rejimenti ya Pili iliiaga Dehra Dun, makao yake ya zaidi ya karne moja, ikahamia Malaya kupigana vita vya msituni, ambako batalioni za keya pia zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Desemba 1962 ikapelekwa Brunei kuzima maasi, na baadaye makao yakawa Hong Kong.

Mkataba wa nchi tatu uliotiwa sahihi Kathmandu Novemba 1947 uliufunga mshahara wa Mgurkha wa Uingereza kwenye viwango vya jeshi la India. Hoja ilikuwa kwamba askari huyo atastaafu Nepali, ambako maisha ni rahisi. Pensheni ikahesabiwa kwa mizani hiyo hiyo, na aliyetumikia chini ya miaka 15 hakupata kitu. Maelfu ya waliopigana Vita Vikuu vya Pili na walioachishwa jeshi lilipopunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 walirudi milimani mikono mitupu, na mwaka 1969 ikabidi iundwe taasisi ya hisani ya kuwachangia. Kwa Kiswahili hali hii ina jina: kuvishwa kilemba cha ukoka. Aliyeambiwa hana mfano duniani kwa ushujaa alichangiwa kama maskini wa mlangoni.

Tarehe 1 Julai 1994 Rejimenti ya Pili iliunganishwa na ya Sita kuwa batalioni ya kwanza ya Royal Gurkha Rifles. Fimbo ya Malkia ikahamia huko. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 1997, Hong Kong ilirudishwa kwa China na makao ya Wagurkha yakahamishiwa Uingereza. Tarehe hiyo ndiyo iliyofanywa mpaka. Mageuzi ya mwaka 2007 yaliusawazisha utumishi wa baada ya hapo na ule wa askari wa Kiingereza, na waliostaafu kabla yake wakabaki na pensheni ya zamani. Ruhusa ya kuishi Uingereza nayo ilifuata mpaka huo huo hadi Mei 2009, ilipopanuliwa baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2008 na kampeni iliyoongozwa na mwigizaji Joanna Lumley, ambaye babake alikuwa afisa wa Rejimenti ya Sita. Pensheni haikuguswa. Mwaka 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba tofauti ile ilikuwa na sababu ya kuridhisha. Ukitazama kalenda utaona kwamba rejimenti iliyoilinda Nyumba ya Hindu Rao ilifutwa 1994, hivyo kila aliyestaafu akiwa ndani yake, pasipo kumwacha hata mmoja, alistaafu upande usiofaa wa mpaka.

Mnamo Agosti 2021 wastaafu wachache wa Kigurkha walikaa mbele ya Downing Street jijini London wakagoma kula kwa siku 13, hadi serikali ilipokubali mazungumzo. Dakika chache kwa miguu kutoka hapo, kando ya Whitehall, pana sanamu ya askari wa Kigurkha iliyozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 3 Desemba 1997. Chini yake yamechongwa maneno ya sifa ambayo wageni wengi hudhani ni ya jenerali fulani. Ni ya Turner. Yametolewa katika utangulizi wa kamusi yake ya Kinepali.